Miaka Miwili Niliyokuongezea

Kaka Faustin mpendwa,

Ninakuandikia haraka, kabla Mama hajarudi. Watu wakiniuliza hali ninasema niko sawa, na kweli sisikii kitu kikubwa. Ninakula, ninalala, ninanakili masomo ya mwaka jana kwenye kaye mpya ya shule.

Unakumbuka zile wiki tatu? Wakubwa wa zamani walikuwa wameondoka Burungu asubuhi moja na magari yao, na wapya walikuwa bado hawajafika. Ofisi ya chifu ilifungwa, bendera ilishushwa, walimu wakakimbilia Kashuga. Mimi nilibaki na kile kitabu cha Kifaransa cha michezo ya dunia nilichoazima kwa padri. Nilikusomea ukurasa wa hoki ya barafu kwa sababu tu picha yake ilikuwa nzuri. Ukaninyang'anya kitabu.

"Hii tunaweza," ulisema.

"Barafu iko wapi?"

"Majani ya malisho yakilowa, si yanateleza? Wewe mwenyewe umeanguka mara ngapi hii wiki?"

Rafiki yako Safari alileta fimbo za kuchungia za baba yake. Mzee akamfuata mbio hadi kilimani. "Fimbo ya ng'ombe haichapi chini!" alipiga kelele. "Mukate zenu!" Basi mkakata miti ya eukaliptus iliyopinda kwenye shina, na kile kisahani cha kupiga mkakichonga kutoka kwenye mpira wa gurudumu la chukudu bovu la kubebea mizigo. Mlikuwa sita, kama kitabu kilivyotaka. Mimi nilikuwa mwamuzi, kwa kuwa nilikuwa peke yangu niliyesoma sheria hadi mwisho.

Nilipendekeza jina la Timu ya Burungu. Ulinicheka.

"Serikali haiko. Nani atatukataza? Sisi njo ekipe ya taifa."

"Taifa gani?" Safari aliuliza.

"Ile yenye kucheza hoki. Unajua ingine?"

Siku ile mvua ya mawe ilipoanguka, kilima kizima kilikuwa cheupe. Mlitoka mkikimbia kabla haijakatika, kichwani mmejifunika masufuria. Safari aliteleza, akapita goli, akaenda kusimama katikati ya ng'ombe, fimbo bado mkononi.

"Goli!" alisema kutoka huko.

"Ya ng'ombe!" ulimjibu.

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye ile barafu. Unajua mimi darasani sinyanyui hata kidole. Lakini pale nilikuwa ninasema, "Dakika mbili, nje," kwa sauti ndogo, na vijana wakubwa kuliko mimi walikuwa wanatoka na kungoja. Hata wewe ulitoka. Ulinung'unika, lakini ulitoka.

Kisha nikaandika ile orodha ya wachezaji. Nilitaka kila kitu kiwe sawasawa. Kitabu kilisema timu ya taifa yenyewe ni ya watu wazima, na kati yenu hakukuwa na hata mmoja. Nikamwongezea kila mtu miaka. Safari alifurahi sana. "Kumi na nane! Kesho ninaoa!" Wewe ulikuwa na kumi na sita. Ulisoma jina lako pale juu, kapiteni, ukasema, "Umenizeesha, mudogo." Nikanakili orodha kwa mwandiko wangu mzuri wa mtihani, na nikaenda kuibandika kwenye mlango wa ofisi ya chifu, pale matangazo yote yanapobandikwa. Hakukuwa na mtu wa kunikataza, wala wa kuibandua.

Wapya walipofika, ofisi hiyo ndiyo waliyoifungua kwanza. Walikuwa wanatafuta vijana wa kubeba bunduki zao. Wale wengine watano walikuwa wamekwisha kukimbia na familia zao, Safari pamoja na ng'ombe. Wewe ulikuwa nyumbani, unatengeneza paa la jikoni. Walikuita kwa jina, wakisoma. Mimi nilikuwa ninaosha sufuria. Niliendelea kuosha, sufuria ile ile, mpaka mlipopotea nyuma ya migomba.

Mama alikwenda kwao na kadi yako ya ubatizo. Walimwonyesha karatasi. "Mama, hii imetoka ku mulango ya chifu yenu. Kumi na munane. Ule ni mutu mukubwa." Aliporudi aliuliza, si mimi tu, aliuliza nyumba nzima: "Nani aliandika vile?" Nilinyamaza. Nilinyamaza siku ile, na wiki ile, na mpaka msimu wa maharagi ukaisha. Sikulia. Mpaka sasa sijalia, na sijui kwa nini.

Jana jirani yetu Mama Janvière alirudi kutoka upande wa Walikale. Alisema wadogo wanarudishwa, ikiwa ndugu atakwenda mwenyewe kueleza umri wao. "Wako nilimuona," alimwambia Mama. "Amekonda, lakini anatembea. Iko kwa liste ya watu wakubwa. Anasema umri wake, wanamuonyesha karatasi."

Leo asubuhi nilimwambia Mama. Nilisema, "Ile karatasi niliandika mimi. Nilidanganya umri." Alikuwa anapuliza moto. Hakugeuka. Aliendelea kupuliza hata moto ulipokwisha kuwaka. Kisha akasema, "Vala viatu."

Amekwenda kwa Mama Janvière kuuliza njia. Nimevaa viatu, nimechukua kadi yako na kaye zangu tatu, ili walinganishe mwandiko. Wakitaka, nitaandika mbele yao. Sijui sauti itatoka vipi mbele ya watu wale. Wakitaka kumwadhibu aliyedanganya, nitakuwa nimesimama hapo.

Msamaha sitakuomba humu. Nitakuomba kwa mdomo.

Mama Janvière ana mtu anayetangulia leo kwa pikipiki, nitampa barua hii. Sisi tunakuja kwa miguu. Wakikuuliza tena, Kaka, sema kumi na sita. Wakikucheka, sema kumi na sita. Endelea kusema mpaka tufike.

Mdogo wako,
Aline