Kitufe cha Baba

Alhamisi, 16 Novemba 2006

Wikendi huku ni Alhamisi na Ijumaa, lakini mgongo haujui. Tangu alfajiri: kumgeuza Baba, kumwosha, uji, dawa. Kisha kompyuta. Asubuhi laibrari ya USB, msimbo wa kuzungumza na vifaa, imekubali kukompaili, yaani kugeuzwa programu — hatimaye! Bila hiyo, kompyuta haikioni kisanduku nilichokiunga kwa michoro ya bure ya mtandaoni. Kina kitufe kimoja tu. Maneno yanapita kwenye skrini, Baba anabonyeza analolitaka. Tangu kiharusi cha Machi hajatamka neno, na mkono wa kushoto ndio uliosalia. Akili yake nzima, nawaambia watu kila siku.

Tatizo: akibonyeza mara moja, kompyuta inahesabu tatu. Baada ya adhuhuri nimesahihisha faili, nikaiamuru ikompaili tena. Ikajibu hakuna la kufanya. Nikaona basi, imeshafanya. Nikasinzia palepale kitini.

Jumamosi, 18 Novemba

Chuoni nimefundisha wanafunzi wanaosinzia. Nimewahusudu.

Dada yangu, Da Turkiya, kapiga simu kutoka Sur. Anakuja Ijumaa kumchukua Baba akaishi kwake. Kuna nafasi, kuna mfanyakazi. Nikasema Baba aulizwe kwanza. Akaniuliza, atajibuje? Kitufe bado kinahesabu tatu.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimebadilisha kitufe. Nimebadilisha waya. Nimeungua kidole nikilehemu. Bado tatu. Baba alitaka maji, skrini ikaandika anataka kukatwa kucha. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nikaenda kulia jikoni.

Na kuna sauti ndani yangu inayosema: mwache aende Sur, ulale. Naichukia.

Jumatano, 22 Novemba

Nimeijua! Nimeangalia saa zilizopigwa kwenye mafaili. Sahihisho langu la Alhamisi limeandikwa kuwa limefanywa kabla ya ile kazi ya asubuhi. Kompyuta ikaliona la zamani, ikaliruka. Siku zote hizi nagombana na waya!

Shangazi Fakhriya, anayemkalia Baba nikiwa kazini, na Alhamisi ile pia alikuwapo, wala hakujificha. "Miye ndiye niloitengeza saa hiyo, mwanangu. Hata kahawa ya asubuhi hatujanywa, yenyewe yasema saa kumi. Wallahi ilipotea."

Ndivyo alivyoirudisha kwenye nne siku ile. Saa nne asubuhi, ya Kiswahili, kama saa yake ya mkononi tangu Unguja. Kwa kompyuta hiyo ni alfajiri! Na kubonyeza saa ile nilimfundisha mwenyewe, na kompyuta nilimwachia wazi. Nimgombeze nani?

Nikairekebisha, nikafuta matokeo yote ya zamani, nikakompaili upya. Bonyezo moja, hesabu moja. Baba akachagua LALA. Nikamwandalia mto. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole mimi.

Neno lake la kwanza tangu Machi, na ndilo hilo. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 24 Novemba

Da Turkiya kafika na mumewe. Wameshakula. Mizigo ya Baba kaifunga mwenyewe, bila kuuliza. Nikamwambia ngoja. Nikaweka maneno mawili tu kwenye skrini: IBRA, hapa kwetu, na SUR, kwake.

"Baba, chagua. Utakalosema ndilo."

Mwanga ukapita. Ibra. Sur. Ibra. Kidole juu ya kitufe, hakibonyezi. Da Turkiya akasema khalas, mashine imekufa. Nikakibonyeza mimi kwa majaribio — kizima kabisa. Nikaanza upya. Ibra. Sur.

Ndipo nikaona haangalii skrini. Ananiangalia mimi. Anataka mimi nijibu kwanza: nimechoka, sijachoka?

Nikasema naenda kuleta kahawa. Naandika hapa jikoni, nimeegemea friji. Ningeweza kutabasamu tu, angebonyeza Ibra. Nimejaribu. Uso haukukubali.

Kahawa imeshachemka, inamwagika. Da Turkiya ananiita. Anasema Baba bado hajabonyeza, anaangalia mlango wa jikoni.