Digrii za Mama

Machi 3

Mwanangu kipenzi,

Habari za huko? Kifua kimepona? Mimi niko salama, ila magoti yananisumbua nikishuka ngazi za gati na ndoo. Bado kila asubuhi nachota maji ya bahari, natia kipimajoto, natuma namba ofisini kwenu, kwa watafiti wa bahari.

Lakini fundi wa boti ananichosha. Tangu mwaka jana uliposema redioni kwamba bahari za dunia zinapata joto, hanipi nafasi ya kupumua. "Mama Mtaalamu, bahari inachemka, lete majani tunywe chai!" Gati zima linacheka. Hivi, mwanangu, una uhakika?

Mama yako

Machi 19

Shikamoo mama,

Kifua kimepona, uchovu ndio haujaisha. Nina uhakika. Dunia inapata joto, ila si kila bahari kwa kiasi kimoja. Huko nyumbani, kaskazini kwenye baridi, maji ya uvuguvugu huletwa na mkondo wa bahari kutoka mbali, na joto hili la dunia limeudhoofisha mkondo wenyewe. Ni kama mtu anayekuletea maji ya kuoga kutoka jikoni: akichoka njiani, yanakufikia yamepoa. Kwa hiyo huko tunatarajia baridi, na vituo vyote vya jirani vinaonyesha baridi. Isipokuwa chako.

Mkuu wangu anataka kukifunga, anasema kipimajoto ni kibovu. Nimekitetea mbele ya watu. Nimesema mpimaji namjua, hakosei. Niambie tu, mama, ukitia mkono, maji yakoje?

Binti yako

Machi 30

Mwanangu,

Baridi! Vidole vinakufa ganzi. Hata mimi nilijua kipimajoto kimezeeka, maana kilikuwa kinakupinga. Wewe unasema joto, chenyewe kinasema baridi. Niamini kijiti cha kioo nimwache mwanangu? Ndiyo maana nikawa nakirekebisha. Siku nyingine naongeza digrii mbili, siku nyingine tatu, inategemea fundi amenikera kiasi gani. Sikutaka na huko ofisini wakucheke.

Kwa hiyo mambo yamekaa sawa, au siyo?

Mama yako

Mei 8

Mwanangu,

Hujambo? Simu hupokei, barua hujibu. Nimeisoma upya ile yako, nikaelewa pale penye maji ya kuoga. Nimelia sana. Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie.

Mama yako

Juni 2

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kimya. Nilishindwa kukasirika, na kuandika pia nilishindwa. Nimemweleza mkuu mwenyewe. Ungekuwa unaongeza mbili tu kila siku, tungezitoa. Sasa namba za mwaka mzima zimefutwa na kituo kimefungwa. Mimi nimeondolewa kwenye kazi ya mkondo, napanga majalada. Usitume tena namba ofisini, hawazitaki.

Nimechoka, mama. Lakini hakuna mtu mwingine ambaye angeipasha bahari moto kwa ajili yangu. Juzi nilicheka peke yangu kwenye ngazi, halafu nikalia.

Binti yako

Juni 15

Mwanangu,

Pole, mama. Pole sana. Ofisi haitaki, basi nakuandikia wewe. Leo asubuhi nimechota. Digrii kumi na nne. Sijaongeza kitu.

Fundi akaanza na chai yake. Nikamwekea ndoo mbele, nikamwambia tia mkono. Akautia, akautoa haraka, hakucheka tena. Akanibebea ndoo hadi juu, akaniuliza kama hizo namba bado kuna mtu anazitaka.

Nikamwambia yupo mmoja.

Mama yako