Chale Sita Juu ya Goti la Baba

Jumanne. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye meno. Moyo wangu nao mchafu vilevile.

Baba ana gauti mwaka wa tisa sasa. Nyama anakatazwa, na mimi ndiye polisi wake. Wiki mbili zilizopita alikwenda Mtinko kumposea mwanangu wa kiume. Wenyeji wakachinja mbuzi, wakamwekea maini mbele yake kama mkubwa wa msafara. Kukataa ni kuwadharau wakwe. Akala.

Alirudi goti limeumuka kama andazi. Nikamwambia, "Umeyataka mwenyewe, Baba."

Vidonge vyake vya siku zote havikusaidia. Siku ya tatu nikachukua wembe nikamchanja chale sita juu ya goti, nikasugua dawa ya mizizi, kama bibi alivyokuwa akitufanyia. Wembe wenyewe ni ule wa kukatia kucha. Baba aliuma shuka.

Niseme ukweli, maana hakuna anayelisoma daftari hili: nilifurahi kidogo kumwona anaumia. Nilitaka akome.

Kisha homa ikaanza, anatetemeka jua kali. Nikasema anadeka. Siku nne nilisema anadeka, huku alizeti zangu zikinisubiri shambani.

Leo hospitali daktari kamchoma sindano gotini, ukatoka usaha mzito. Kasema gauti ipo, na wadudu nao wameingia humo humo. Sisi tuliona gauti peke yake. Kesho wanalifungua goti kulisafisha. Wakikuta limeharibika sana, mguu unakatwa.

Halafu akaziona chale.

"Nani amekuchanja, mzee?"

Baba hakunitazama. "Mwenyewe, daktari. Ujinga wangu tu."

Akafokewa mbele ya wodi nzima. Mzee wa miaka sabini na moja, anayepewa shikamoo na kijiji kizima, anaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtoto aliyevunja chungu. Mimi nilikuwa nakunja shuka lake.



Daktari alipoondoka, Baba aliniuliza kama watu wa Mtinko wamejibu. Nikamwambia wamekubali. Akatabasamu na midomo yake imekauka kwa homa. "Basi maini yale hayakwenda bure," akasema, akafumba macho.

Kesho saa mbili asubuhi daktari anapita kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji. Nitasema ni mimi, au nitakunja shuka tena?