Kuhusu Kurudi Kewanja

Kijijini Susuni,
Tarime.
13 Julai 2025

Mpendwa wifi Frida,

Pokea salamu kutoka huku kwa wazazi wangu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Mbeya? Watoto wanasoma vizuri? Sisi ni wazima, tunavuna mahindi.

Uliponipigia simu ukiniomba nimsamehe mama yenu na nirudi kwa kaka yako, nilikata simu. Haikuwa jeuri, wifi. Nilikuwa nalia. Naandika kwa sababu mambo ya kule hospitali Mwanza umeyasikia upande mmoja tu.

Unajua kwamba mtoto alizaliwa, tumbo likavimba, akatapika kijani, akapasuliwa. Walikata kipande cha utumbo kilichooza, wakaacha ncha mbili nje ya tumbo mpaka zipone ndipo waziunganishe. Basi maziwa yangu yalitokea tundu la juu karibu kama yalivyoingia. Alinyonya na bado akakonda, ngozi ikakunjamana kama ya mzee.

Muuguzi akanifundisha kukivuta kile kilichotoka juu kwa bomba la sindano na kukirudisha taratibu kwenye tundu la chini, ili utumbo uliobaki upate kufyonza chakula na usisinyae. Nikawa nafanya hivyo kila aliponyonya. Baadaye mizani ikasogea, kidogo tu, lakini ilisogea.

Mama ndiye aliyekuwa akinisaidia wodini. Alipoona hivyo alifunika pua kwa kanga.

"Unamlisha mtoto mavi yake," akasema mbele ya wenzangu.

Kesho yake alipanda basi akarudi Kewanja, na kijiji kizima kikapata habari. Kisha kaka yako Machage akaja. Nilidhani amekuja kukaa nasi.

"Acha hiyo kazi," akaniambia. "Kama mtoto ni wa kuondoka, aondoke kwa heshima."

Nikamwambia aondoke yeye. Akaondoka kweli, hata hakumshika mtoto.

Aliyeniletea chakula ni Sabaha, mama mmoja kutoka Mugumu aliyelaza mwanawe kitanda cha jirani. Hatuna undugu wowote. Alinitunza mpaka utumbo ukaunganishwa. Sasa mtoto ana mashavu, anakaa mwenyewe, na uji wa ulezi anaudai kwa kelele.

Mwezi uliopita mama alikuja hapa na mkungu wa ndizi. Akambeba, akawaambia majirani kwamba mifupa hii ni ya ukoo wao. Kovu hakuliuliza. Halafu akasema turudi, mtoto aitwe Nchagwa, jina la marehemu baba yenu.

Wifi, jina hilo nililiomba mimi mwenyewe kule wodini. Alinijibu kwamba jina la mzee halipewi mtoto wa kupita.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtoto ana jina tayari. Anaitwa Simioni, jina la baba yangu, na amebatizwa nalo. Kewanja sirudi. Machage akitaka kumwona mwanawe, njia ya Susuni anaijua.

Nisalimie shemeji Stanslaus na watoto wote. Mungu awakinge na baridi hiyo. Mama msalimie wewe. Mimi bado sijaweza.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda wewe bado,
Wegesa