Picha ya Kichwa cha Zuhura na Jino la Rashidi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Marahaba. Nakupa kabla hujaniamkia, maana najua umenuna. Goti bado linakusumbua? Na yule mbuzi wa pembe moja bado anakupiga, au umeshamwachia nyumba atawale? Mimi huku Arusha ni mzima, uzee wenyewe unaniogopa. Anayeniandikia ni Mama Anna, Mmeru anayechoma ndizi getini ninapolinda hapa Elerai. Mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana.

Sasa sikiliza. Habari ya jino la mwanao Rashidi, huko Kondoa wote mnaisimulia vibaya. Ati mjomba mtu alilewa. Ati tuligombania ndizi. Waongo! Mwenye habari kamili ni mimi, maana jino nililitoa mimi.

Ulimtuma Rashidi amlete binti yake Zuhura apigwe picha ya kichwa, tujue hicho kifafa kinamfanya nini. Vizuri. Kumbe siku tatu nzima alimnyima mtoto vidonge. Kumuuliza, anasema, "Mjomba, akimeza dawa ugonjwa si utajificha? Mashine itauonaje?" Mtu na ndevu zake!

Hospitali wakamwingiza Zuhura kwenye tundu la MRI. Mwanaidi, ile mashine inapiga! Ga-ga-ga-ga, kama mafundi kumi wanagonga bati na wewe umo ndani. Wanaume wazima wanatoka wanatetemeka. Zuhura, miaka saba tu, katulia tuli. Damu ya kwetu hiyo, si ya mumeo.

Daktari, mama mmoja mpole, akatuonyesha picha. Akasema ndani ya ubongo kuna njia nyeupe, kama nyaya, zinapeleka habari toka huku kwenda kule. Za Zuhura upande mmoja zimefifia. Mimi niliziona kabla hajanyoosha kidole. Hawezi kuapa, akasema, kama ni kule kuanguka kumeziharibu au zilikuwa hivyo toka mwanzo. "Ila dawa msimkatishe hata siku moja. Akianguka mlazeni ubavu. Msimpige, msimchome."

Tukarudi. Hata mlangoni hatujafika, pale pale kwenye jiko la Mama Anna, mtoto akapiga ukelele akaanguka, povu mdomoni, mkono wa kushoto ndani ya makaa. Ngozi inalia chwaaa. Rashidi akaruka nyuma. "Asiguswe! Povu hilo! Litatuingia!" Watu wote wakarudi nyuma, wameziba midomo. Mimi nikachupa kama chui, nikamvuta, nikammwagia maji.

Unadhani Rashidi aliona haya? Akachomoa koleo jikoni, ncha imewiva nyekundu, anamwendea mtoto amchome kwenye paji, ati kinachomwangusha kikimbie. Kama mlivyomchoma mwaka jana huko. Kovu nimeliona, usinifiche.

"Mjomba, pisha!"

"Nikupishe wewe, mbwa?"

Nikamshushia rungu langu la ulinzi mkononi, koleo likaruka. La pili mdomoni. Damu ikatapakaa kwenye ndizi za watu. Akaninyaka koo, nikamng'ata sikio, nikampigiza ukutani mara mbili, ya tatu akalia, "Mamaaa!" Nikamwambia mama yako yuko Kondoa, piga simu. Kesho yake akapanda basi, jino mfukoni.

Sasa unaagiza nimrudishe Zuhura. Simrudishi. Anameza vidonge asubuhi na jioni, kidonda cha mkono kinafunga. Nitamleta mwenyewe siku utakayoniapia mambo mawili: dawa haikatwi, na akianguka wewe bibi yake utamshika, povu au si povu. Ukikataa, njoo na hilo goti lako tupigane. Rungu lipo.

Nisalimie mama yake Zuhura, mwambie mtoto anamwota. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na yule jirani mwenye redio, mwambie apunguze sauti hata kama mimi sipo.

Ngoja. Mama Anna kaweka kalamu chini. Anasema jina langu haliandiki mpaka niseme kweli.

Haya. Aliyemtoa Zuhura kwenye makaa si mimi. Ni yeye huyu Mama Anna, kwa mikono yake miwili, povu likamjaa kifuani. Na hajaumwa hata mafua. Mimi nilirudi nyuma pamoja na Rashidi, Mwanaidi, nimeziba mdomo, mpaka harufu ya ngozi yake ikanifikia.

Kaka yako,
Saidi