Bastola ya Baba na Joto la Julai

Kamanuma, Chiba
Jumatano, 31 Julai 2019

Mpendwa Baba Mdogo Kunihiro,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo Leonor, na kwamba lile goti ulilolitaja kwenye kadi ya mwaka mpya limekupa nafuu. Sisi huku miili ni mizima. Mvua zimekatika wiki iliyopita tu na joto limeingia kwa pupa. Nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri, hata redio huisikii. Bustani ya marehemu mama imetoa matango mengi kuliko tunavyoweza kula, nayagawa mpaka kwa mleta barua.

Najua umezoea kadi zangu za mistari mitatu. Leo nimechukua karatasi nyingi kwa sababu nimepatwa na jambo ambalo siku ya tatu sasa halijaniingia akilini. Jana kazini nimeharibu meno ya bandia ya watu wawili, mimi ambaye kwa miaka kumi na moja ya ufundi huo sijaharibu hata jino moja. Tafadhali keti kwanza.

Sijawahi kukuambia kwamba baba anacheza vita. Ndiyo, baba huyu huyu, aliyekuwa akikuambia utoe bastola zako za plastiki mezani watu wapate kula. Mama alipofariki alikaa mwaka mzima bila kutoka nje. Kisha Bwana Uchibori kinyozi akaja akamtoa karibu kwa nguvu. Sasa wako wazee saba, na kila Jumapili wanakwenda msitu wa Bi Tsuruoka, wanavaa miwani mikubwa na kufyatuliana gololi za plastiki. Aliyepigwa anajitangaza mwenyewe na kutoka. Hakuna mwamuzi wa kumshika mwongo, na nadhani hicho ndicho baba alichokipendea.

Bastola yake ni ya gesi. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini Mama Mdogo atakuuliza: unajaza gesi kwenye magazini, na kila ukifyatua, gesi hiyo hiyo inasukuma gololi na pia inarudisha mgongo wa bastola nyuma, kama ya kweli. Kukiwa na baridi gesi inakosa nguvu. Januari mwaka huu magazini yake ya gololi ishirini na tano ilikuwa ikitoa kumi na nne tu, halafu mgongo unakwama katikati na gesi yote imekwisha.

“Mzee Minegishi, hiyo bastola yako ina pumu,” Uchibori akamwambia mbele ya watu. “Mpeleke hospitali mgonjwa.”

Siku hiyo hiyo alikutana uso kwa uso na binti mmoja wa timu nyingine. Akafyatua, bastola ikapumua fyuu na gololi ikamdondokea miguuni. Yule binti akainama kwa adabu, akamwomba radhi, kisha akampiga ya kifua.

Nilimhurumia, Baba Mdogo. Nikamwambia, “Nipe niitazame. Kazi yangu ni kuziba nafasi ndogo.”

Tulifanya kazi majuma matatu kwenye meza ya jikoni. Tuliizamisha magazini kwenye beseni la maji tukaona mapovu yakitoka kwenye vali, nikabadilisha mpira wake. Tulipunguza ugumu wa springi ya kurudishia mgongo, ili gesi isipoteze nguvu bure. Lakini uvujaji mkubwa ulikuwa ndani, kwenye kile kikombe kidogo cha mpira kinachozuia gesi nyuma ya pistoni. Nilikikagua kwa karatasi ya wino ambayo mgonjwa huing’ata tukitaka kujua meno yanagusana wapi. Kikombe kiligusa upande mmoja tu. Upande wa pili gesi ilikuwa inajipitia. Nikachonga kingine mwenyewe kwa mpira wetu wa kazini, nikakisugua hadi wino ukashika pande zote.

Februari, kwa baridi ile ile, gesi ya kujazwa mara moja ilitoa gololi arobaini na moja, tukiongeza gololi zilipokwisha. Baba alizihesabu akiziokota sakafuni kwa magoti. Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mazishi. Kwenye kipimo cha Bi Tsuruoka, gololi ilitoka kwa mwendo wa mita themanini na nane kwa sekunde. Mwisho wa sheria kwa gololi ya uzito ule ni tisini na tisa. Tukaona tuko salama tele.

Machi timu ilipumzika, kisha baba akafanyiwa upasuaji wa jicho, kisha zikaja mvua. Bastola ilikaa kwenye kabati. Jumapili iliyopita ndipo alirudi uwanjani mara ya kwanza, nami nilimwendesha kwa sababu ya jicho. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na sita. Bi Tsuruoka anapima kila bastola langoni. Baba akafyatua kwenye kipimo. Mia na tatu.

“Rudia, mzee,” akasema.

Mia na nne.

Nilielewa papo hapo nilichofanya. Ule uvujaji ulikuwa unapunguza nguvu, nami nimeuziba wote. Kwenye baridi ilikuwa dawa, kwenye joto gesi inavimba na haina pa kutokea ila nyuma ya gololi. Na wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba ikipita pale si kitu cha kuchezea tena mbele ya sheria, hata ikiwa imelala kwenye droo.

Bi Tsuruoka akageuza kipimo kitazame chini. “Toa hicho kimpira, mzee, tusahau. Mimi sijaona kitu.”

“Lililopimwa hapa ni joto,” Uchibori akasema. “Mngoje Oktoba mpime tena.”

Baba akavua miwani. Akatoa magazini, akaiweka bastola kwenye mfuko wake, akawainamia wote. “Sayoko,” akaniambia, “tunakwenda kituoni.”

Njiani nilimsihi. Nilimwambia ni mimi niliyekichonga kile kikombe. Akajibu, “Bastola ni yangu,” basi.

Kwenye kituo cha polisi alikostaafu baba alikuwapo Okabe, yule kijana mwembamba ambaye baba ndiye aliyemfundisha kazi. Siku hizi ni sajini na ana kitambi. Aliposimama kumpigia saluti baba hakuipokea. Aliweka mfuko mezani akaeleza yote kwa mpangilio, tarehe na vipimo, kama anayesoma ripoti ya mtu mwingine.

Okabe akacheka kidogo, akadhani jambo ni rahisi. “Mkuu, hukujua. Ni kosa la jua. Hebu nilete koleo niivunje, tunywe chai ya baridi, urudi nyumbani.”

“Mdogo wangu naye aliniambia hivyo hivyo,” baba akasema. “Sikujua, kaka. Ndivyo alivyosema.”

Okabe akaacha kucheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

“Nami nikaandika kwamba alikiri alijua,” baba akaendelea. “Mwaka 2007, mwezi wa tatu. Muda wa sheria mpya wa kusalimisha bastola za gololi zenye nguvu kupita kiasi ulikuwa umepita siku kumi na tisa tu. Alikuwa hajasoma tangazo, nililiona bado limekunjwa chini ya simu yake. Niliogopa watu wa kituo waseme Minegishi amemfunika ndugu yake. Nikaandika alijua.”

Baba Mdogo, nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotoka kinywani mwake, nami nimelazimika kuweka kalamu chini mara mbili. Huyo ni baba yangu, aliyenirudisha dukani nikiwa na miaka sita kwa penseli moja niliyoondoka nayo kwa kusahau. Miaka yote hii nilijua kwamba alikushtaki, na kwa hasira zangu zote nilijiambia angalau alisema kweli. Ulipofukuzwa kazi ya kuendesha basi la shule, nilijiambia ni sheria. Ulipofunga mizigo kwenda Brazil, nilisimama uwanja wa ndege nikikuonea uchungu na yeye nikimwonea fahari, vyote kwa pamoja. Sasa sijui hiyo fahari niipeleke wapi.

Okabe alimwambia kwa upole kwamba ni miaka kumi na miwili, kesi ilikwisha zamani, haitabadilisha kitu.

“Nipe karatasi,” baba akasema. “Tarehe ya leo ni ngapi?”

Aliandika kurasa mbili kwa mkono wake, akagonga muhuri wake chini. Ukurasa wa kwanza ni wa bastola, wa pili ni wako. Okabe alizipokea kwa mikono miwili. Bastola imebaki kwake na karatasi zimepelekwa makao makuu. Tunangoja barua. Huenda ikawa onyo, huenda ikawa zaidi. Baba hasemi kama anaogopa.

Sijui kama wewe uliwahi kuisoma ile ripoti. Kama hukuisoma, nisamehe kwa kuwa mimi ndiye ninayekuletea. Na kama uliisoma ukanyamaza miaka yote, ukiniletea kila Desemba zile kahawa zako bila neno moja baya juu yake, basi sijui hata nikuambie nini. Nakuomba uniandikie ukweli, hata kama ni mstari mmoja wa hasira.

Simwombei msamaha. Hajanituma, wala hajui kwamba nakuandikia haya, ingawa bahasha za Brazil anazitambua kwa mbali na hujifanya kutazama kwingine.

Nisalimie Mama Mdogo Leonor, nisalimie Tadao na mkewe, na yule mjukuu mpya ambaye nasikia amerithi masikio yako. Uchibori anakusalimu, anasema bado anakumbuka ubishi wa nywele zako. Siku ya kuwakumbuka wafu mwezi ujao nitawasha ubani kwa ajili ya babu na bibi kwa jina lako pia, nao wakutazame huko uliko, wakulinde na kukupa usingizi mwema.

Jambo moja tu limebaki. Tangu Jumatatu, kila asubuhi tukiketi kula, baba ananiuliza Brazil sasa ni saa ngapi. Namjibu ni saa mbili kama hapa, ila kwenu ni usiku wa jana. Anaitikia kwa kichwa, anatazama simu ukutani, kisha anarudi kwenye wali wake. Leo aliinyanyua. Akaishika sikioni muda mrefu bila kubonyeza namba, akairudisha. Kwa hiyo, Baba Mdogo, simu ikilia kwenu saa mbili usiku, ukapokea na mtu hasemi kitu, nakuomba usikate.

Mimi mtoto wako nisiyeacha kukupenda,
Sayoko