Kufuli la Bwana Feni

Jumatatu, 9 Februari
Feni mpya ofisini. Kubwa! Inamtazama msimamizi peke yake — haigeuki kulia wala kushoto. Kuanzia leo msimamizi namwita Bwana Feni. Mimi naendesha gari, shemeji anashusha: aiskrimu, duka baada ya duka. Nyuma kwenye mzigo baridi ya kugonganisha meno. Mbele tulipo sisi, kiyoyozi kilikufa zamani. Nimemwambia tena. Ati madirisha yana kazi gani! Mjinga huyu.

Jumanne, 10 Februari
Shemeji kashikwa na kizunguzungu. Tukaingia nyuma, tukakaa juu ya maboksi mpaka akapata nafuu. Kumbe kuna kidude kinatuchongea kwa Bwana Feni mlango ukifunguliwa! Kapiga simu papo hapo. Tunamharibia mzigo. Mzigo! Na shemeji naye hanywi maji — madukani wanatunyima choo, anywe akakojoe wapi? Nimemgombeza bure. Jioni dada kaniambia nimrudishie mume wake mzima. Kama vile jua nimelileta mimi.

Jumatano, 11 Februari
Kufuli! Funguo wanazo wenye maduka tu. Usalama wa mzigo, anasema, huku shati lake linapepea. Namchukia. Namchukia mpaka chai imenishinda. Shemeji anacheka tu — mwache, ana feni, hana rafiki.

Alhamisi, 12 Februari
Foleni haisogei. Naandika hapa hapa barabarani, nikiacha nitampiga mtu. Shemeji alianza kuniita kwa jina la dada. Nikadhani utani — nikacheka! Kisha nikamshika shingo. Inaunguza, kavu, hana jasho hata tone. Kufuli nimelivunja kwa spana ya magurudumu. Nimemlaza ndani, nimemvua shati, nimembana makopo ya aiskrimu kwapani na shingoni. Anapumua. Haniitikii. Gari la wagonjwa linakuja, nalo limekwama kwenye foleni hii hii.

Bwana Feni kapiga. Mlango uko wazi, fungeni haraka! Nikamwambia shemeji amezimia. Nikasikia feni yake ikivuma. Halafu akauliza makopo mangapi yameyeyuka.

Nimemkatia. Simu inalia tena. Safari hii ni dada.